Mfupa wa Kimwera

Niseme mapema tusichoshane. Mwalimu Mkuu Awadhi sikumpenda tangu siku ya kwanza, na hadi leo nikimkumbuka roho inanichafuka. Si chuki ya bure. Alikuwa akitafuna tumbaku darasani na kutema kwenye kona, nyuma ya ubao, na asubuhi watoto wa kike ndio waliotumwa kuleta majivu ya kufunika. Lakini tumbaku ningeivumilia. Kilichonichefua hasa ni namna alivyofundisha kusoma.

Mimi ni Teodosia. Nilisomea ualimu misheni, nikaolewa na Linus, dresa wa zahanati, mfunga vidonda, na alipohamishiwa Chinongwe nikaenda naye. Shule ya pale ilikuwa na madarasa manne na Mwalimu Awadhi peke yake, kwa hiyo walinichukua nimsaidie, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika na hawakuwa na mwingine. Watu wa kijiji wakaniita Mama Dresa. Ilikuwa miaka ya hamsini, ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga Nachingwea umeshakufa na matrekta yanaota kutu, na wanaume wengi wa Chinongwe walikuwa wamerudi kwenye ufuta na mihogo yao.

Siku ya kwanza Mwalimu Awadhi alinikaribisha darasa la nne nisikilize. Akagonga meza kwa fimbo, watoto wakafungua vitabu, wakaanza. Walisoma kwa pamoja, kwa mahadhi, wakiyumba mbele na nyuma kama walivyozoea chuoni kwa maalimu. Kule chuoni sina neno, kule wanasoma maneno ya Mungu na wana sababu yao. Hiki kilikuwa kitabu cha Kiswahili chenye hadithi ya mtu aliyepeleka kuku sokoni. Sauti zilikuwa nzuri, nisiwe mnafiki. Saburi, kijana mmoja mwenye koo la kujaliwa, ndiye aliyeongoza, na wazazi waliokuwa wakipita njiani walisimama kusikiliza.

Nikazunguka nyuma ya madawati. Mtoto mmoja kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa. Mwingine alikuwa amefumba macho, na alikuwa akisoma. Walipomaliza nikamwuliza Saburi, "Huyo mtu alipeleka nini sokoni?"

Akanitazama kwa adabu, kisha akaanza tena tangu mwanzo, kwa mahadhi yale yale.

"Hapana, baba, usisome. Niambie tu kwa maneno yako. Alipeleka nini?"

Akamtazama Mwalimu Awadhi. Mwalimu Awadhi akatabasamu, akasema, "Mama, maswali hayamo kitabuni."

Nilitoka nje nikavuta pumzi. Nilijiambia, Teodosia, tulia, umefika leo leo. Lakini uchafu wenyewe nilikuwa bado sijauona.

Uchafu wenyewe ulikuwa ukining'inia shingoni kwa mtoto wa kike wa dawati la nyuma. Ulikuwa mfupa wa mbuzi, pingili ya shingo, umetungwa kwenye kamba ya katani, mweusi kwa jasho la watoto. Mtoto aliyesikika akisema Kimwera, lugha ya kwao, hata neno moja, hata uwanjani, alivishwa. Aliuvaa mpaka amsikie mwenzake naye akiteleza, ndipo amvishe yeye. Aliyekutwa nao jioni alichapwa na kwenda nao nyumbani, kesho arudi nao. Ulipokauka sana Mwalimu Awadhi alitafuta mwingine mbichi kwa mchinjaji, na huo nzi waliufuata kutoka dawati hadi dawati. Watoto walikula mihogo yao ya saa nne huku wameushika kwa mkono mmoja usiguse chakula.

Mwalimu Awadhi alikuwa mtu wa Lindi mjini. Kimwera alikiita ugonjwa wa mdomo. Nilipomwambia kuwa mimi mwenyewe ni Mmwera na nimelelewa kwa ugonjwa huo, alicheka, akasema, "Ndiyo maana nimekuonya mapema." Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Ninamshangaa hadi leo.

Yule mtoto aliyevaa mfupa aliitwa Mwanawetu. Alikuwa akiuvaa kuliko wote, na si kwamba alikosea kuliko wote. Aliwasikia wenzake wakiteleza kila siku, akajitia hamnazo, hakuwavisha. Nilipogundua hilo nilianza kumwangalia vizuri. Darasani hakufungua kinywa. Akiulizwa kwa Kiswahili alishika shingo yake kwanza.

Mlezi wake alikuwa Mjomba Kaimu, kaka wa mama yake, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Kaimu alikuwa amefanya kazi ya kung'oa visiki Nachingwea enzi za karanga. Alinisimulia siku moja, akiwa amekuja kufungwa kidonda zahanati, kwamba kule watu walipewa karatasi za amri, na waliokuwa wakizisoma kwa sauti walikuwa wengi, lakini aliyejua karatasi inataka nini alikuwa mmoja, na huyo alikaa kivulini.

"Huyu mtoto nataka ajue karatasi inataka nini, Mama Dresa," aliniambia. "Lakini kuna mtu wa Malolo ameshaleta posa. Nimewaambia hivi, mbele ya wazee: msimamizi wa shule akija, Mwanawetu akipata nafasi ya kwenda shule ya kati Nachingwea, aende. Asipopata, naipokea posa. Neno langu ni hilo."

Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu kwa shule yetu. Na huyo mwoaji nilimfahamu, alikuja zahanati mara nyingi kwa magonjwa ambayo Linus hakuyataja mezani. Kumfikiria tu akiwa na mtoto yule, chakula kilikuwa kikinishinda.

Basi nikaanza kumfundisha kwangu, na wenzake waliotaka kuja wakaja. Darasani kulikuwa na mfupa, lakini jikoni kwangu Mwalimu Awadhi hakuwa na amri. Alasiri walikaa na nyungo za ufuta wangu, wakipepeta, na mmoja anasoma. Kidogo tu, maneno machache. Kisha namwambia: funga kitabu. Sasa mwambie mwenzako ulichosoma, kwa lugha yoyote inayokuja mdomoni.

Kilikuja Kimwera, bila shaka. Mwanzoni waligeuka kuangalia mlangoni kila waliposema. Mimi nikawauliza: nani huyo anayesemwa? Yuko wapi? Anataka nini, na nani anamzuia? Mnadhani sasa atafanya nini? Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mmoja anasema atakimbia, mwingine anasema hawezi, kwani hukusikia ana mguu mbovu? Wanafungua kitabu kwa pupa kutafuta ule mguu mbovu, na ukionekana wanapiga kelele jirani anakuja kuuliza kuna nini. Wakishajua hadithi kwa Kimwera, nawaambia wairudishe kwa Kiswahili. Iliporudi haikuwa ile ya kitabuni neno kwa neno, ilikuwa yao, na makosa mawili matatu ndani yake. Makosa hayo mimi niliyapenda, maana mtu anayekosea anasema kitu.

Mwanawetu alikuwa hodari wa ajabu. Alisoma kimyakimya, akanyanyua uso, akawaeleza hata lile ambalo mwandishi hakulisema. "Huyu mke wake anajua," aliwahi kusema kuhusu hadithi moja. "Kitabu hakijasema, lakini mbona amepika chakula kidogo?" Nikamkumbatia na ungo wake.

Nikaona vyema nimwambie Mwalimu Awadhi. Nilidhani akiona watoto wameelewa atalegeza kamba. Nilimweleza yote: maswali, kufunga kitabu, kubashiri, hata Kimwera nilimweleza. Alisikiliza akitafuna. Jumatatu iliyofuata nikasikia darasa la nne wakiimba kitu kipya, nikasogea dirishani.

"Nani alikwenda sokoni?" Saburi anaongoza.

"Alikwenda mwenye kuku," wote wanaitikia, wanayumba.

"Kwa nini hakurudi mapema?"

"Kwa sababu alikuwa mvivu."

Alikuwa ameandika maswali yangu ubaoni pamoja na majibu, na watoto walikuwa wameyahifadhi. Aliponiona akanyanyua fimbo kunisalimu, uso umemjaa furaha. "Mama, umesema kweli, maswali yanapendeza sana."

Niliona kinyaa mpaka mate yakanijaa. Mtu umempa chakula, naye anakichukua anakisaga na mchanga wake, kisha anakushukuru.

Msimamizi alikuja kwa pikipiki kutoka Nachingwea, suruali nyeupe imegeuka nyekundu kwa vumbi. Bwana Bashiri. Hakuwa mgeni, alizaliwa Malolo, kijiji jirani, akasoma, akapanda cheo. Asubuhi, kabla ya kuja shuleni, alipita kwa shangazi yake anayeuza vitumbua njiani, akakaa naye kwenye kigogo wakataniana kwa Kimwera hadi vitumbua vikamwungulia yule mama. Niliwasikia kwa masikio yangu. Nikafurahi, nikasema moyoni, ahaa, huyu ni wetu.

Mwalimu Awadhi alikuwa ameuficha mfupa kwenye droo ya meza yake. Harufu haikufichika. Bwana Bashiri alikaa kwenye meza hiyo hiyo, akatoa leso, akajifuta pua, hakuuliza.

Waliokuwa wameandikishwa kwa nafasi ile walikuwa wawili, Saburi na Mwanawetu. Saburi aliandikishwa na Mwalimu Awadhi, Mwanawetu nilimwandikisha mimi kwa ugomvi. Wazazi walijaa madirishani, na Mjomba Kaimu alisimama dirisha la karibu kabisa, amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

Bwana Bashiri akatoa kitabu chake mwenyewe ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mwalimu Awadhi akaacha kutafuna. Ilikuwa hadithi ya mkulima aliyesumbuliwa na nguruwe mwitu. Akakata miti, akajenga boma zito kuzunguka shamba lake lote, akaziba hata tundu la mwisho, akalala ndani kwa amani. Kulipokucha akamkuta nguruwe yumo ndani, anakula mihogo. Mkulima akalisifu boma lake, akasema kweli ni imara, maana hata nguruwe ameshindwa kutoka. Hadithi iliishia hapo.

Saburi alisoma kwanza. Hakuwa amekiona kitabu hicho, lakini herufi alizijua, na sauti yake ilitiririka hadi madirishani watu wakasema mashaallah. Bwana Bashiri akamwuliza, "Kwa nini nguruwe hakutoka?"

"Kwa sababu alikuwa mvivu," alijibu Saburi, kwa mahadhi.

"Je, yule mkulima alifanya kosa gani?"

"Alikwenda mwenye kuku."

Madirishani hakuna aliyecheka. Kijana wa watu alikuwa ametoa alichofundishwa, na simlaumu hata kidogo. Mwalimu Awadhi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana Bashiri akaandika, akasema, "Matamshi mazuri sana."

Akaitwa Mwanawetu. Alisoma polepole, akasimama mahali, akarudi nyuma akasoma tena kimya, akaendelea. Mtu aliyezoea mahadhi angedhani hajui. Mimi nilijua anafanya nini. Alipofika kwenye lile boma kuzibwa tundu la mwisho, midomo yake ilitaka kucheka, akaibana. Alikuwa ameshajua nguruwe yuko wapi kabla ya kitabu kusema.

"Haya," alisema Bwana Bashiri. "Kwa nini nguruwe hakutoka?"

"Kwa sababu," alianza Mwanawetu. Likamponyoka neno moja la Kimwera. Akamtazama Mwalimu Awadhi, mkono ukaenda shingoni, akanyamaza.

"Endelea."

Mkono ukabaki shingoni. Mwalimu Awadhi akasema kwa upole, upole ule wa kutia kichefuchefu, "Bwana Msimamizi, huyu ni mzito kidogo."

Nikasimama. Mimi nina mdomo, na siku ile sikuuzuia. "Bwana Msimamizi, mtoto anajua. Kinywa chake kimefungwa na kitu kilichoko kwenye hiyo droo uliyoegemea. Mwache aseme kwa Kimwera, utasikia mwenyewe kama ameelewa au hakuelewa."

Bwana Bashiri aliangalia madirisha, akaona watu walivyojaa. Akatabasamu, akaegemea kiti. "Haya binti, sema. Sema unavyotaka."

Mwanawetu akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Basi akasema. Alisema kwa Kimwera kilichonyooka, bila kuvuta wala kuyumba. Nguruwe hakutoka kwa sababu mkulima alimfungia ndani mwenyewe. Alitazama miti, hakutazama shamba. Alipoulizwa kama mkulima alikuwa na akili, akajibu kwamba aliyekuwa na akili ni nguruwe. Sasa nguruwe ana shamba, ana boma imara, na ana mtu anayelala humo humo kumlindia wezi wasiingie. Siku mkulima akitaka kutoka, itabidi amwombe nguruwe ruhusa. Na mkewe akileta chakula cha mchana, hatajua ampe nani kwanza.

Bwana Bashiri alicheka. Hakutabasamu, alicheka kabisa, kichwa nyuma, meno ya mwisho yakaonekana. Akatoa ile leso akajifuta macho. "Ampe nani kwanza," alirudia, kwa Kimwera, akacheka tena. Madirishani watu waliangua kicheko, mama mmoja akapiga kigelegele. Mjomba Kaimu alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, anacheka machozi yanamtoka. Na mimi nilicheka. Nilimwona Mwalimu Awadhi amekunja uso, nikazidi kucheka.

Kisha Bwana Bashiri akakunja leso, akachukua kalamu, akaandika. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona. Kwenye mstari wa ufahamu, mbele ya jina la Mwanawetu, aliandika sifuri, na pembeni yake: hakujibu.

Nilimfuata hadi kwenye pikipiki. Nilimwuliza amefanya nini. Alinijibu bila hasira, akivaa miwani yake ya vumbi. "Mama, majibu yanatakiwa kwa Kiswahili. Hakuna jibu la Kiswahili nililopewa."

"Lakini umemwelewa. Umerudia maneno yake."

"Mimi Bashiri nimemwelewa. Lakini nikikaa kwenye ile meza mimi ni serikali, na serikali haijui Kimwera. Yule mvulana amejibu."

"Amejibu upuuzi."

"Kwa Kiswahili safi. Huko mbele watamfundisha kuelewa."

Wakati huo Mwanawetu alikuwa amekuja mbio, amesimama nyuma yangu. Akasema, "Bwana Msimamizi, ninaweza kulisema jibu kwa Kiswahili." Akaanza papo hapo. Nguruwe hakutoka kwa sababu mkulima alimfungia ndani mwenyewe, alitazama miti, hakutazama shamba. Lote alilisema, hadi chakula cha mke, na kosa moja dogo tu katikati. Bwana Bashiri alimsikiliza mpaka mwisho, nikadhani labda ataifuta ile sifuri. Akamgusa kichwani, akasema, "Umeona? Mwaka ujao ufanye hivyo hivyo." Akapiga pikipiki teke, akaondoka.

Mahali mtoto alipowekewa ule mkono kichwani nilitamani nipaoshe kwa sabuni. Mwalimu Awadhi ningemwelewa, ni mtu asiyejua na hajui kwamba hajui. Lakini huyu alijua. Alikula kitumbua cha shangazi yake kwa lugha ile ile, akafaidi utamu wa maneno ya mtoto, akajifuta mdomo.

Mjomba Kaimu alikuja akitembea haraka, kanzu ameikamata mkononi, uso bado una kicheko. Hakuwa ameona karatasi.

"Mama Dresa, amemvunja mbavu bwana mkubwa. Nimeona mwenyewe. Anatakiwa aende lini, nimtafutie sanduku?"

Nikamwambia. Nilimweleza taratibu kwamba nafasi amepewa Saburi. Mwanawetu alikuwa pembeni anatazama chini. Nikamwomba Kaimu angoje mwaka mmoja tu, nikamwambia nitamfundisha mwenyewe kila siku, nitamlisha kwangu.

"Nilisema mbele ya wazee," alijibu. "Mtu wa Malolo anakuja wiki hii. Nitasema nini, kwamba neno langu lilikuwa mzaha?" "Wameandika nini juu yake?"

"Wameandika kwamba hakujibu. Yaani msimamizi hakuyaelewa maneno aliyosema mtoto."

Alilitafakari hilo. Alimtazama mpwa wake, akatazama njia ya Nachingwea ambako vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijakaa, akanirudia mimi. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Kama hakuyaelewa, Mama Mwalimu, alikuwa anacheka nini?"

Akasimama pale, akingoja nimweleze.